Sifuri Mpaka Kumi

Mkanda wa jeshi ulimwachia Mama Pasi baada ya wiki tatu. Malengelenge yalikauka, magamba yakadondoka, ikabaki alama nyeusi iliyoanzia chini ya ziwa la kushoto ikazunguka mbavu mpaka mgongoni. Kila aliyeiona alisema Mungu mkubwa, umepona. Kilichobaki hakikuonekana. Nguo ikigusa pale, palikuwa panawaka. Wala si nguo ngumu. Blauzi tu ya pamba, iliyofuliwa ikatakata. Hata upepo wa feni ulitosha kumtoa machozi.

Jina la Mama Pasi alipewa kazini, kwenye dobi la hoteli moja kubwa, ambako alikuwa amenyoosha shuka na mashati ya wageni kwa miaka kumi na moja. Siku hizi alipiga pasi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliishika sare yake mbali na ubavu, kama mtu aliyeficha mkate ndani ya nguo. Wenzake walicheka mwanzoni, kisha wakazoea, kisha wakaanza kunung'unika, maana mashati asiyoyamaliza yeye waliyamaliza wao.

Msimamizi, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni, hakucheka wala kunung'unika. Alikuja mezani siku moja akasema, mbele ya watu, "Nionyeshe."

Mama Pasi alijificha nyuma ya rundo la shuka akapandisha blauzi. Msimamizi akainama, akatazama kama anayetafuta doa kwenye kitambaa.

"Pamekauka."

"Pamekauka juu, dada. Ndani panawaka moto."

"Ndani nani anakuona?" Msimamizi aliiteremsha ile blauzi yeye mwenyewe, na Mama Pasi akang'ata meno. "Mwisho wa mwezi ujao niletee karatasi ya daktari inayosema una nini. Usipoileta, meza hii nitampa mwenye mikono miwili."

Tuseme ukweli, msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale wasioamini maumivu mpaka waone damu, na watu wa namna hiyo wamejaa kila mahali, hata majumbani mwetu.

Nyumbani kwa Mama Pasi alikuwako mmoja, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. "Kidonda kimepona, yeye bado," Bibi alimwambia mwanawe, bila kupunguza sauti. Mama Pasi naye alikuwa na yake moyoni. Miaka kumi na sita ameishi na mwanamke huyu, na hajawahi kumwona akimenya hata kitunguu kimoja. Bibi hakukamua nguo, hakufunga vifungo vyake mwenyewe, na chai aliletewa akakishika kikombe kwa viganja viwili, kama malkia. Mama Pasi alimfunga vifungo kila asubuhi, akanyamaza.

*

Vidonge vilipomshinda, hospitali ilimpeleka kwenye chumba cha mwisho cha ukumbi mrefu. Humo walikuwa wakifanya utafiti wa tiba za kusaidiana na dawa, kwa watu wenye maumivu yasiyoisha na mishipa ya fahamu iliyovimba. Daktari wa utafiti alikuwa binti mdogo, mwenye kalamu mbili kwenye nywele.

"Shikamoo, Mama. Hapa hatutafuti kidonda, tunatafuta namba," alisema. "Sifuri ni kwamba huumwi kabisa. Kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyawaza. Leo ni ngapi?"

Watu walikuwa wamemuuliza Mama Pasi mara nyingi kama anaumwa kweli. Anaumwa kiasi gani, hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nane," alisema. Kisha akaogopa kuonekana anatia chumvi. "Saba."

"Nimeandika nane," daktari alisema, bila kuinua kichwa, na Mama Pasi akalia pale pale kwenye kiti cha plastiki. Daktari akamsubiri.

Akapewa kimashine cha ukubwa wa pakiti ya biskuti, chenye kijitaa cha kijani na nyaya mbili zinazoishia kwenye vibandiko vya kunata. Abandike mgongoni kando ya ile alama, akae nusu saa kila siku, kwa wiki sita. Kila siku aandike namba kwenye daftari.

"Sasa nisikilize vizuri, Mama. Mashine hizi ziko za aina mbili. Nyingine zinatoa umeme mdogo, nyingine hazitoi kitu, ni taa tu. Hata mimi sijui ya nani ni ipi. Tusipofanya hivyo hatutajua kama tiba yenyewe inasaidia. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Stika hii nyekundu isibanduliwe. Na vidonge vyako ni vilevile, usiongeze dawa wala tiba nyingine. Ukimaliza nitakupa barua ya kueleza umefikia wapi."

Mama Pasi alisikia neno barua, akaona uso wa msimamizi. Alitia sahihi. Lile la taa tu alilielewa vizuri kabisa, ila moyoni alikwisha kuamua kwamba mashine yake ni nzima, na nyumbani hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa fundi redio. Mtu yule alikuwa haingizi ndani ya nyumba yake kitu kibovu akakiacha kibovu.

*

Kila siku baada ya kazi, saa kumi na moja, Mama Pasi alikaa kwenye ukingo wa kitanda amempa dirisha mgongo, vibandiko mahali pake, kijitaa kinawaka. Siku ya kwanza Bibi alikuja kuchungulia.

"Ndiyo kazi yenyewe hii? Kukaa?"

"Ndivyo walivyosema, Mama."

"Nusu saa nzima?"

"Nusu saa."

Bibi aliondoka, akarudi na beseni la maji ya moto na kitambaa. Labda alichoka kusikia mkwewe akiugulia, labda alikuwa hana la kufanya saa hiyo; mwenyewe hajawahi kusema. Alikiminya kitambaa kwa kukigandamiza na kiganja kwenye ukingo wa beseni, akakiweka begani kwa Mama Pasi, upande usiouma, akaanza kumkanda. Hakutumia vidole. Alitumia kisigino cha mkono, na wakati mwingine kiwiko, kutoka bega mpaka kiunoni, polepole.

"Ulipopata mtoto nilikukanda hivihivi," alisema.

"Ulinikanda ukanitukana."

"Ulikuwa unapiga kelele."

Mama Pasi akacheka, na kucheka kukamuuma, lakini alicheka. Kwenye daftari aliandika saba. Wiki ya pili akaandika sita, ya tatu tano. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza: mume wa Bibi aliyekuwa mkali wa chakula, mtoto wa Mama Pasi aliyefariki kabla ya kutimiza mwezi, na msimamizi na funguo zake. Wiki ya nne alilala amejifunika shuka, mara ya kwanza tangu augue. Kazini akawa anapiga pasi kwa mikono miwili. Wiki ya tano akaandika tatu, akaikolezea wino ile tatu.

Daktari alipompigia simu kumuuliza kama kuna dawa au tiba nyingine anayotumia, alijibu hapana, na hakudhani anadanganya hata kidogo. Tiba ni kitu cha hospitali. Kukandwa ni kukandwa. Nyumba gani isiyomkanda mgonjwa?

*

Jumamosi ya wiki ya tano kijitaa kilififia. Mama Pasi alikuwa kazini. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikiona kile kimashine juu ya kabati akasema betri zimekwisha, nitambadilishia, arudi akikute tayari.

Alikipeleka barazani kwenye meza yake, kati ya redio zilizotolewa matumbo. Stika nyekundu ilikaa juu ya skrubu. Fundi aliibandua kwa wembe, taratibu, bila kuipasua hata unywele mmoja, akaibandika kwenye ukucha wa gumba asiipoteze. Hapo angeweza kuweka betri akafunga. Lakini fundi gani hufungua kitu asikitazame? Aliangalia nyaya zinakokwenda. Hazikwenda popote. Zilikatwa ndani, safi, zikafungwa gundi, na waya pekee wenye kazi ulikuwa wa kile kijitaa.

Alileta mita ya umeme akapima. Sindano haikutikisika. Akapima tena.

"Wezi hawa!" alisema peke yake. "Wamemuuzia taa."

Hawakuwa wamemuuzia mtu yeyote kitu, lakini Fundi hakujua. Aliwasha chuma cha kulehemu, akaunga zile nyaya, akatia betri mpya. Akajibandika vibandiko mkononi, akasikia kama siafu wanamtembea chini ya ngozi. Akatabasamu. Alikuwa amefanya kazi nzuri, na mkewe angemshukuru.

Mama Pasi alirudi saa tisa. Fundi alimkaribisha barazani kifua mbele.

"Mama watoto, njoo uone. Mashine yako ilikuwa maiti! Nyaya hazikufungwa kabisa. Wiki tano zote hizo ulikuwa unajiunganisha na taa!"

Na akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama anavyomcheka mteja anayeleta redio ambayo haikuchomekwa. Lakini mkewe alisimama pale, mkoba mkononi, akamtazama.

"Haikuwa na umeme?"

"Hata wa kumstua mbu. Na wewe ulikuwa unaandika tano, nne, tatu! Umeponywa na taa ya kijani, mke wangu!"

Mama Pasi aliingia ndani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na jambo moja tu likamzunguka kichwani: msimamizi alisema kweli. Kama taa tupu imeweza kuyaondoa maumivu, basi ni maumivu gani hayo? Mtu mzima, mama wa watoto wawili, miezi minne ananyonga blauzi mkononi, kumbe ni mawazo tu. Aliona aibu hata ya kuwa peke yake chumbani. Alijilaza, shuka ikamgusa ubavu, akaruka.

Bibi alitoka jikoni akamkuta mwanawe bado anatabasamu.

"Umefanya nini?"

"Nimetengeneza mashine, Mama."

"Nani alikuomba?"

Fundi alitazama mlango wa chumbani, tabasamu likamwisha.

Jumapili daftari liliandikwa sita. Jumatatu saba. Alijaribu ile mashine iliyounganishwa mara moja, siafu wakamtembea, akaivua kabla ya dakika tano. Hakutaka kukandwa pia. Bibi alileta beseni, akaambiwa asante, sihitaji, akarudi nalo.

*

Jumatano Fundi aliomba msamaha, kwa namna ya mafundi.

"Nitaitoa ile lehemu. Nitazikata nyaya palepale zilipokatwa, nirudishe gundi, nirudishe stika. Hata aliyeiunda hatajua. Wewe andika tatu siku zilizobaki. Wiki ijayo unarudisha mashine, unapewa barua yako, unampelekea yule mwenye funguo. Kwisha."

Mpango ulikuwa mzuri, na Mama Pasi aliufikiria. Siku chache tu za tatu tatu, kisha meza yake ya pasi ingebaki yake. Alichukua kalamu. Akaishika juu ya daftari muda mrefu, mpaka Fundi akadhani amesinzia.

"Miezi minne nasema kweli naitwa mwongo," alisema mwisho. "Sasa niseme uongo ndipo niaminiwe?"

Akaandika saba. Fundi akainama, akaanza kuokota skrubu ambazo hazikuanguka.

*

Alikwenda hospitali na Bibi, kwa kuwa Bibi alikwisha vaa viatu na hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Daktari aliwaamkia, akaipokea mashine, akaigeuza. Stika ilikuwa imenyooka barabara.

"Ilifunguliwa," Mama Pasi alisema kabla hajaulizwa. "Mume wangu ni fundi. Aliunga nyaya. Ilikuwa taa tu, Daktari, na mimi niliandika tatu. Sasa ni saba. Yote niliyoandika ni kweli, lakini sijui kweli yenyewe ni ya namna gani."

Daktari alichomoa kalamu moja kichwani akaiweka mezani. "Kuna tiba nyingine mliyotumia?"

"Hapana."

"Mimi namkanda," Bibi akasema.

"Unamkanda, Bibi? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Maji ya moto, nusu saa, kila siku. Mpaka yule mwanangu alipojitia ujuzi."

Mama Pasi alielewa wakati huohuo, uso ukamwaka. "Sikuficha, Daktari. Sikujua kama kukanda kunahesabiwa."

"Najua. Sikuuliza vizuri." Daktari alivuta daftari, akapiga mstari mmoja mrefu juu ya ukurasa wa kwanza. "Namba zako siwezi kuzitumia tena, Mama. Nitakuondoa kwenye utafiti. Barua ya kumaliza siwezi kuitoa."

"Kwa hiyo nilikuwa naumwa au siumwi?"

Lilikuwa swali lake tangu Jumamosi, na aliliuliza kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu.

"Ulikuwa unaumwa, na leo unaumwa. Mishipa ya fahamu imevimba chini ya ngozi. Ugonjwa umepita, yenyewe imebaki inalia. Wengi wenye mashine za taa hupata nafuu kidogo, ndiyo maana tunaziweka. Sijamwona hata mmoja ambaye hakuwa akiumwa. Kilichokusaidia wewe huenda ni mikono ya Bibi, huenda ni kukaa nusu saa bila kusumbuliwa, huenda mishipa ilianza kupoa yenyewe. Sijui, Mama. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Mama Pasi alifuta macho kwa kiganja. Aliona kwamba sijui ya huyu binti ilimtuliza kuliko pole zote alizopewa. "Basi hata karatasi ndogo, ya kusema nina nini. Kazini wanaidai."

Daktari alimtazama kwa mshangao. "Hiyo? Hiyo ningekuandikia siku ya kwanza. Mbona hukuomba?"

"Sikujua kama inaombwa."

Daktari aliandika nusu ukurasa, akagonga muhuri, na daftari akamrudishia Mama Pasi. Wakati wino unakauka alikunja mkono wa koti lake, akamnyooshea Bibi. "Nionyeshe unavyomkanda."

Bibi alimgandamiza kwa kisigino cha kiganja, kutoka kiwiko kwenda juu.

"Mbona hutumii vidole, Bibi?"

"Ndivyo ninavyokanda," Bibi alisema, akaurudisha mkono haraka ndani ya khanga.

*

Msimamizi aliisoma barua amesimama katikati ya dobi, kwa sauti, kila mtu asikie. Alijikwaa kwenye "mishipa ya fahamu" akaanza upya. Alipofika kwenye muhuri aliugusa kwa kidole, kama anayejaribu joto la pasi.

"Ungeleta tangu mwanzo," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kaa meza ya kukunjia mpaka upoe. Na hiyo sare, vaa saizi kubwa." Akaondoka, funguo zikilia. Hakusema samahani. Mama Pasi hakuitegemea, ila alivuta kiti, akakaa, akakunja taulo la kwanza.

Saa kumi na moja alikuwa ukingoni mwa kitanda, mgongo dirishani. Fundi mwenyewe alileta beseni, akaliweka chini, akasema maji ni moto, angalieni, akatoka kwa haya. Bibi alikuja nyuma yake. Akatumbukiza kitambaa, akakigandamiza na kiganja kwenye ukingo.

Mama Pasi aligeuka. Siku zote alikuwa amempa Bibi mgongo, hajawahi kumtazama akifanya kazi. Aliona vidole, vimepinda vyote upande mmoja, na viungo vimefura. Aliona Bibi akisubiri kidogo kabla ya kuinua kitambaa, midomo imebanwa. Vifungo vya kila asubuhi vilimjia. Kikombe cha chai. Vitunguu vya miaka kumi na sita.

"Mama," alisema. "Mikono inakuuma?"

"Geuka, maji yanapoa."

Mama Pasi hakugeuka. Alinyoosha mkono juu ya kabati akachukua lile daftari, lenye mstari mrefu ukurasa wa kwanza. Akafungua ukurasa mweupe, akatafuta kalamu.

"Sifuri ni kwamba huumwi kabisa," alisema. "Kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyawaza. Leo ni ngapi?"

Bibi alicheka kidogo puani. Akatazama dirisha, akatazama beseni. Kitambaa kilikuwa kinamchuruzikia miguuni na hakukiona.

"Tisa," alisema.

"Tangu lini?"

"Wewe ulikuwa hujaolewa hapa."

Mama Pasi akaandika tisa. Kisha akasogea, akampisha Bibi nafasi kitandani, akaishika mikono yake miwili na kuiingiza kwenye maji ya moto.